Saa 150 kwa muhula: ruzuku ya chuo ambayo haitakiwi kuwa mshahara

Katika jimbo la California nchini Marekani, kuna wanafunzi wa vyuo wanaoweza kupata hadi dola 4,500 kwa mwaka wa masomo kwa sharti kwamba waitumikie jamii kwa saa 150 katika kila muhula, au saa 100 katika kila kipindi kwenye vyuo vinavyougawa mwaka kwa robo. Mwenye kupiga hesabu ataona mara moja kwamba dola 2,250 za muhula mmoja zikigawanywa kwa saa 150 zinatoa dola 15 kwa saa, ambacho ndicho kilichokuwa kima cha chini cha mshahara cha waajiri wakubwa wa jimbo hilo mwaka 2022. Kwa macho ya kawaida hiyo ni kazi yenye malipo. Kwa macho ya sheria si kazi wala si malipo, na sehemu kubwa ya utata wa mpango huu inatokana na juhudi za kuhakikisha kwamba inabaki hivyo.

Mpango huo unaitwa California Dream Act Service Incentive Grant, na unasimamiwa na Tume ya Misaada ya Wanafunzi ya California. Walengwa ni wanafunzi wahamiaji waliokulia katika jimbo hilo lakini hawana hadhi ya uhamiaji inayowaruhusu kupata misaada ya serikali kuu. Wengi wao waliletwa na wazazi wakiwa wadogo, wakasoma shule za hapo tangu darasa la kwanza, na wakatambua uzito wa karatasi walizozikosa pale tu walipofikia umri wa kuomba leseni ya udereva, kazi ya likizo au nafasi ya chuo.

Ili ruzuku hii ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke milango iliyofungwa mbele ya mwanafunzi wa namna hiyo, kwa sababu kila sharti lake limewekwa kuzunguka mlango mmojawapo.

Shule za msingi na sekondari hazina kizuizi. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya shule ya umma kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji. Uamuzi huo, hata hivyo, haukufika chuoni. Misaada mikubwa ya serikali kuu kwa wanafunzi wa vyuo, inayotokana na Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, ni ya raia na makundi machache ya wasio raia, hasa wakazi wa kudumu wenye kadi ya kijani na, kwa utaratibu uliozoeleka, wakimbizi na watu waliopewa hifadhi. Asiye na hadhi yoyote kati ya hizo hapati ruzuku ya Pell (msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, usiorudishwa), hapati mkopo wa serikali kuu, wala hapati nafasi katika ule utaratibu wa kufanya kazi chuoni ambao sehemu ya mshahara wake hulipwa na serikali kuu.

Mlango wa pili ni wa ajira. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986 iliwakataza waajiri kumwajiri kwa kujua mtu asiye na kibali cha kufanya kazi, ikawataka wakague hati za kila wanayemwajiri, na ikaweka adhabu kwa wanaokiuka. Kwa hiyo njia ambayo mwanafunzi maskini wa Marekani huitegemea siku zote, yaani kusoma mchana na kufanya kazi mkahawani au maktabani jioni, kwa mwanafunzi huyu haipo kihalali. Mpango wa DACA, uliotangazwa na serikali ya Rais Barack Obama tarehe 15 Juni 2012, uliwapa vijana wengi wa kundi hili vibali vya kazi vya miaka 2 vinavyoweza kuhuishwa. Serikali ya Donald Trump ilijaribu kuufuta mwaka 2017, Mahakama Kuu ikauzuia ufutaji huo Juni 2020 kwa kasoro za utaratibu, na tangu Julai 2021 amri ya mahakama moja ya Texas imezuia maombi mapya kukubaliwa. Ukichanganya amri hiyo na sharti kwamba mwombaji awe ameishi Marekani mfululizo tangu Juni 2007, unapata kizazi kizima cha wanafunzi wa leo ambao ndugu zao wakubwa wana vibali vya kazi na wao wenyewe hawana. Nakaa juu ya jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba DACA ilikwisha kulitatua.

Mlango wa tatu ni sheria mbili za mwaka 1996. Ya kwanza ilisema kwamba watu wasio na hadhi halali hawastahili manufaa ya umma yatolewayo na majimbo, elimu ya juu ikiwemo, isipokuwa jimbo lenyewe litunge sheria baada ya tarehe 22 Agosti 1996 inayosema waziwazi kwamba linataka kuwapa. Ya pili ilikataza jimbo kumpa mtu wa kundi hili nafuu ya elimu ya juu kwa msingi wa ukazi wake, ikiwa raia wa Marekani kutoka jimbo lolote hawezi kuipata nafuu hiyohiyo. Zikisomwa kwa haraka, sheria hizo zinaonekana kufunga kila kitu. Zikisomwa kwa utulivu, ya kwanza imeacha nafasi kwa jimbo lenye nia, na ya pili imeacha nafasi kwa jimbo linalochagua msingi mwingine badala ya ukazi.

California ilizitumia nafasi zote mbili. Mwaka 2001 Gavana Gray Davis alitia saini sheria ya AB 540, iliyowaruhusu wanafunzi waliosoma katika shule za sekondari za California kwa miaka 3 au zaidi na kuhitimu humo kulipa ada ya wakazi. Tofauti yake si ndogo, kwani katika Chuo Kikuu cha California mwanafunzi asiye mkazi hutozwa nyongeza inayozidi dola 30,000 kwa mwaka. Kwa kuwa kigezo ni kusoma na kuhitimu wala si ukazi, raia aliyesoma California kisha akahamia Nevada anaingia katika sheria hiyo sawasawa na mhamiaji asiye na hati. Hoja hiyo ndiyo iliyoiokoa AB 540 mbele ya Mahakama ya Juu ya California mwaka 2010 katika kesi iliyofunguliwa na wanafunzi waliotoka majimbo mengine. Mwaka 2011 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria mbili zijulikanazo kwa pamoja kama California Dream Act, AB 130 na AB 131, zilizowafungulia wanafunzi wa AB 540 ufadhili wa binafsi unaopitia vyuo vya umma na kisha misaada ya jimbo lenyewe, ikiwemo Cal Grant. Sheria nyingine ya mwaka 2017 ilipanua kigezo cha miaka 3 ili masomo ya shule za watu wazima na ya vyuo vya jamii nayo yahesabike.

Ruzuku ya huduma kwa jamii imewekwa juu ya ngazi hizo zote, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Si ruzuku inayojitegemea ambayo mtu anaiomba peke yake. Mwanafunzi anatakiwa kwanza awe ametimiza AB 540 na kuwasilisha chuoni hati ya kiapo, ambamo asiye na hadhi halali huahidi kwamba ameomba au ataomba kuhalalisha hadhi yake mara tu atakapostahili. Anatakiwa pia awe amejaza fomu ya California Dream Act, ambayo kwa wanafunzi hawa huchukua nafasi ya FAFSA, fomu ya misaada ya serikali kuu. Juu ya hayo awe amepewa Cal Grant A au Cal Grant B, ambazo zina vigezo vyake vya kipato cha familia na alama za shule: wastani usiopungua 3.0 kwa A na 2.0 kwa B. Na katika muda wote huo awe anaendelea vizuri na masomo kwa kipimo cha chuo chake. Akikosa ngazi moja, hata akijitolea saa 500, saa hizo hazitamletea senti. Ndiyo maana tarehe ya kuijali zaidi si ile ya ruzuku ya huduma bali ni mwanzoni mwa Machi, wakati dirisha kuu la kuomba Cal Grant linapofungwa kwa mwaka wa masomo unaofuata.

Akizipanda ngazi zote, mwanafunzi anaweza kupokea ruzuku hii kwa hadi mihula 8, au robo 12, maadamu Cal Grant yake iko hai. Kuna jambo moja la hesabu ambalo halitajwi mara kwa mara. Mpango ulipoanza, kiwango cha juu kilikuwa dola 3,000 kwa mwaka kwa wanafunzi 2,500, yaani jumla ya dola milioni 7.5. Kiwango kilipopandishwa kufikia 4,500, thamani ya saa moja ilitoka dola 10 hadi 15, na hilo ni jambo la haki. Lakini fungu la milioni 7.5 likigawanywa kwa 4,500 halifiki wanafunzi 1,700. Anayeomba anapaswa kujua kwamba kutimiza masharti ni jambo moja na nafasi kuwepo ni jambo jingine.

Sasa turudi kwenye swali la mshahara. Kanuni za uhamiaji za Marekani zinamtambua mwajiriwa kuwa mtu anayetoa huduma au nguvu kazi kwa mwajiri kwa ujira au malipo mengine. Neno zito hapo ni "malipo mengine", kwa sababu linafunika zaidi ya fedha taslimu: mtu anayepewa chumba au chakula ili afanye kazi anaweza kuhesabiwa kuwa ameajiriwa. Basi kama benki ya chakula, yaani shirika linalowagawia wahitaji chakula, ingempa mwanafunzi asiye na kibali dola 15 kwa kila saa anayopanga mboga kwenye maboksi, benki hiyo ingekuwa imemwajiri, na pande zote mbili zingekuwa hatarini. Katika mpango huu benki ya chakula haimpi chochote. Anayetoa fedha ni tume ya jimbo, anayezipitisha ni chuo, na zinatolewa kama msaada wa masomo kwa mwanafunzi anayeonyesha kwamba amejitolea. Anayepokea huduma na anayetoa fedha ni watu wawili tofauti, na mwanafunzi hana uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa na yeyote kati yao. Utengano huo ndio uti wa mgongo wa mpango mzima.

Ukishaliona hilo, masharti yanayoonekana kuwa usumbufu wa ofisini yanaanza kuwa na maana. Huduma inapaswa kuwa ya kujitolea kweli, katika shirika au taasisi inayoihudumia jamii, kwa sababu biashara inayotafuta faida hairuhusiwi kwa kawaida kutumia watu wa kujitolea badala ya wafanyakazi. Mwanafunzi hawezi kuhesabu saa ambazo tayari analipwa. Msimamizi wa shirika hutia saini saa zilizofanyika, lakini hagusi fedha. Mwanafunzi ambaye shirika linataka "kumshukuru" kwa bahasha kidogo mwisho wa wiki anapaswa kukataa kwa adabu, hata kama bahasha hiyo anaihitaji sana, kwa kuwa inaweza kugeuza saa zake zote kuwa kitu kingine mbele ya sheria.

Lipo pia suala la kodi, ambalo linakwenda upande tofauti kidogo na kuwachanganya hata watu wazoefu. Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani haitozi kodi ufadhili unaotumika kulipia ada na vitabu vya lazima, ila unaotumika kwa pango na chakula huhesabiwa kuwa mapato. Sheria hiyohiyo inasema kwamba sehemu ya ufadhili inayowakilisha malipo ya huduma ambazo mwanafunzi alilazimika kuzitoa ili aupate nayo ni mapato. Kwa hiyo kitu ambacho sheria ya uhamiaji haikihesabu kuwa ajira kinaweza kuibua swali mbele ya mamlaka ya kodi, na jibu linategemea namna chuo kinavyozitoa na kuziripoti fedha hizo. Mwanafunzi asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kuhitaji namba ya mlipakodi binafsi, ambayo mamlaka ya kodi imekuwa ikiwapa watu wa namna hiyo tangu mwaka 1996. Hili ni la kuulizwa katika ofisi ya misaada ya fedha ya chuo au kituo cha wanafunzi wahamiaji kabla ya kupokea fedha, si mwezi wa Aprili wakati wa kuwasilisha hesabu za kodi.

Ruzuku hii haiko peke yake. Mwaka 2022 California ilizindua mpango uitwao College Corps, unaompa mwanafunzi dola 10,000 kwa saa 450 za huduma katika mwaka mmoja wa masomo: dola 7,000 kama posho ya kujikimu inayotolewa kwa awamu, na dola 3,000 za elimu anapomaliza. Wanafunzi hufundisha watoto wa shule, hushughulikia uhaba wa chakula au hufanya kazi za mazingira, na wanafunzi wa AB 540 wanakubaliwa. Hilo ni jambo la kutazamwa kwa makini, kwa sababu AmeriCorps, mpango wa serikali kuu unaofanana na huo, kwa kawaida hupokea raia na wakazi wa kudumu tu. Kwa hesabu ya saa kwa dola, College Corps ni bora zaidi: zaidi ya dola 22 kwa saa dhidi ya 15. Kwa upande mwingine, inapatikana tu katika vyuo vinavyoshiriki, na ratiba yake ni ngumu zaidi kwa mtu mwenye mzigo mkubwa wa masomo.

Je, ni haki kumdai huduma mwanafunzi huyu? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na bado naona kwamba linastahili jibu lenye pande mbili. Saa 150 katika muhula wa wiki 15 ni saa 10 kwa wiki, juu ya masomo, juu ya safari za basi, na mara nyingi juu ya wadogo wa kulelewa nyumbani. Mwenzake aliyezaliwa Marekani mwenye kipato kilekile hupokea ruzuku ya Pell, ambayo kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395, bila kudaiwa hata saa moja ya kujitolea. Hakuna namna ya kuupamba ukweli huo: anayepata kidogo ndiye anayedaiwa zaidi. Lakini tukiulinganisha mpango huu na kile ambacho kweli kingekuwepo mahali pake, picha inabadilika. Bila mpango huu mwanafunzi huyo hapati Pell. Anapata pengo tu, na kulijaza pengo hilo mara nyingi humaanisha kazi za siri zenye malipo duni, kwa waajiri wanaojua kwamba hawezi kuwashtaki. Kumfundisha mtoto hesabu kwa saa 10 kwa wiki, kwa fedha zinazoandikwa kwa jina lake mahali panapoonekana, ni hali bora kuliko hiyo. Tena saa hizo humpa uzoefu wa kuandikwa kwenye wasifu wake na msimamizi wa kumwandikia barua, vitu ambavyo sheria ya 1986 ilikuwa imemnyima pamoja na mshahara.

Wapo waliotaka kuufungua mlango wa ajira wenyewe badala ya kuuzunguka. Mwaka 2022 wanazuoni wa sheria walitoa hoja kwamba marufuku ya 1986 haiwagusi waajiri ambao ni majimbo yenyewe, kwa hiyo Chuo Kikuu cha California, kikiwa chombo cha jimbo, kinaweza kuwaajiri wanafunzi hao. Bodi ya chuo hicho iliahirisha utekelezaji wa wazo hilo Januari 2024, bunge la jimbo likapitisha muswada wa AB 2586 uliolenga jambo hilohilo, na Septemba mwaka huohuo Gavana Gavin Newsom akaukataa akisema kwamba ni vyema mahakama itoe uamuzi kwanza. Shauri likaenda mahakamani. Maadamu jambo hilo halijatulia, ruzuku ya huduma inabaki kuwa moja ya njia chache zilizo wazi.

Kwa wasomaji wenye ndugu Marekani, ni muhimu kujua nani hahusiki. Aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza na kupata kadi ya kijani hahitaji mpango huu; njia yake ni FAFSA, na AmeriCorps iko wazi kwake. Mkimbizi aliyepewa makazi naye ajaribu FAFSA kwanza. Aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 hastahili AB 540 kwa hadhi hiyo, hivyo hawezi kuifikia ruzuku hii, na tena anapaswa kuwa mwangalifu mno na shughuli yoyote inayofanana na ajira nje ya chuo. Kuchanganya makundi haya kumewaletea wengine madhara makubwa, hasa pale ndugu anapomshauri kijana ajaze fomu isiyo yake kwa nia njema.

Hofu ya taarifa binafsi ni ya kweli na haistahili kupuuzwa. Fomu ya California Dream Act inashughulikiwa na jimbo, haipelekwi kwenye mfumo wa FAFSA, na sheria za jimbo zinalinda taarifa zake. Hata hivyo, mazingira ya kisiasa yamebadilika. Tarehe 4 Juni 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya Texas, ambayo ilikuwa jimbo la kwanza kuwapa wanafunzi hawa ada ya wakazi mwaka 2001. Jimbo halikuitetea sheria yake, na siku hiyohiyo hakimu akaifuta. Kesi dhidi ya Kentucky na Minnesota zilifuata mwezi huohuo. Msingi wa Texas ulitaja ukazi kwa maneno yake, jambo ambalo California ililiepuka, lakini familia inayopima kama ijaze fomu ina haki ya kuyajua yote mawili na kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuamua. Vyuo vingi vya umma vya California vina huduma hiyo kwa wanafunzi wao bila malipo.

Kwa aliyekwisha kuamua na kukubaliwa, kinachobaki ni utunzaji wa kumbukumbu. Fedha za mpango huu hufuata uthibitisho wa saa, kwa hiyo kodi ya pango ya mwezi wa kwanza haiwezi kuzitegemea. Aandike saa zake siku hiyohiyo anapozifanya, msimamizi azitie saini kila wiki badala ya kungoja mwisho wa muhula wakati huenda msimamizi huyo amehama au yuko likizo, na nakala moja ibaki mikononi mwake. Saa ya 149 haina thamani ya saa 149. Lisilofika 150 halijatimiza sharti la muhula.